Mafuta ya ufuta uliokaangwa: kijiko kimoja kinachotiwa mwisho

Baba aliporudi kutoka kliniki na agizo la kupunguza mafuta na chumvi, nyumba nzima tulihamia kwenye chukuchuku. Mchicha chukuchuku, samaki chukuchuku, choroko chukuchuku. Kwa wiki mbili mzee alikuwa akila matonge matatu, anasema ameshiba, anasogeza sahani pembeni. Njaa alikuwa nayo, ila chakula hakikuwa kinamwita. Mama naye aliumia kimya kimya, maana kwa miaka mingi mapishi yake ndiyo yaliyokuwa yakisifiwa mtaa mzima.

Mama mkubwa alikuja kututembelea kutoka Nachingwea akiwa na mfuko wa ufuta wa shambani kwake. Mimi nilikuwa nimewahi kula mboga za majani za Kikorea kwa mama mmoja niliyefanya naye kazi: zimechemshwa tu, hazikuungwa, lakini harufu yake ilikuwa inafika mlangoni. Alichotia ni kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta uliokaangwa, jiko likiwa limeshazimwa. Siku ile tuliuweka ufuta wa mama mkubwa na ujuzi wa yule mama kwenye bakuli moja, na baba akaomba aongezwe.

Ninayoandika hapa ndiyo tunayopika nyumbani tangu wakati huo. Sisemi mafuta haya ni dawa. Baba anaendelea na vidonge vyake kama alivyoandikiwa, na mtu akikuambia uache dawa ya presha unywe mafuta ya ufuta, usimsikilize. Faida yake iko jikoni: yana harufu kali kiasi kwamba kijiko cha chai kinafanya kazi ambayo ungeitafuta kwa kumimina robo kikombe cha mafuta ya kawaida.

Ni mafuta gani hasa

Ufuta ni ule ule, wengine mnauita simsim. Ukishindikwa mbichi unatoa mafuta ya njano hafifu, yenye harufu ndogo. Ukikaangwa kwanza ndipo ushindikwe, mafuta yanatoka ya kahawia kama chai ya rangi, na harufu yake inakaribia karanga za kukaanga na kahawa kwa pamoja. Haya ya kahawia ndiyo ninayozungumzia. Korea, Japani na China hayakosekani jikoni, na huko sehemu kubwa ya kazi yake ni kiungo: matone kwenye supu, kijiko kwenye mboga, kidogo kwenye tambi kabla ya kuandaa.

Ufuta wenyewe si mgeni kwetu. Lindi, Mtwara, Ruvuma, Songwe, Dodoma na Manyara unalimwa kwa wingi, na msimu ukifika mnada wa vyama vya ushirika unakuwa gumzo la kusini nzima. Zanzibar ya zamani ngamia walikuwa wakizungusha vinu vya kushindikia ufuta, na kwenye kamusi za zamani utakuta neno mafuta ya uta, ndiyo haya ya ufuta. Leo mbegu nyingi zinapanda meli zikiwa mbichi kwenda China, Japani na India, nasi tunanunua kichupa kidogo cha mafuta ya kahawia kilichotoka huko huko kwa bei ya juu. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu nimeweka hapa chini namna ya kujitengenezea.

Kwa upande wa lishe, sehemu kubwa ya mafuta haya ni ya aina isiyoganda: kiasi cha asilimia 15 tu ndiyo yanayoganda, wakati mawese yanafika karibu nusu na ya nazi yanapita asilimia 80. Hata hivyo ni mafuta. Kijiko cha chakula kina kalori kama 120, sawa na alizeti au mzeituni. Ukiyamimina kama ulivyozoea kumimina mengine, hujapunguza kitu. Na usidanganyike na kalsiamu inayosifiwa kwenye ufuta: hiyo iko kwenye mbegu, kwenye mafuta karibu haipo.

Kununua

Ukinunua, soma lebo. Chupa nyingi za bei nafuu ni mchanganyiko: mafuta ya soya yaliyotiwa ufuta kidogo kwa ajili ya harufu. Kinachotajwa kwanza kwenye orodha ya viambato ndicho kilicho kingi. Rangi inatakiwa iwe ya kahawia; ikiwa ya njano, hayo ni ya ufuta mbichi, ambayo ni mazuri kupikia lakini harufu unayoitafuta hutaipata. Na mafuta ya ufuta yanayouzwa kwenye maduka ya vipodozi kwa ajili ya nywele na kuchua mwili, yaache huko huko. Hayakutayarishwa kuliwa.

Nunua chupa ndogo. Mililita 150 kwa familia ya watu watano inatosha mwezi mzima ukipika kama ninavyoelekeza.

Kukaanga ufuta mwenyewe

Hii ndiyo sehemu yenye kazi, na ndiyo inayoamua ladha yote. Hata ukinunua mafuta dukani, jifunze kukaanga, kwa sababu mbegu zenyewe zinanyunyizwa juu ya karibu kila chakula nitakachokitaja.

Anza na mchanga. Ufuta hukaushwa shambani ukiwa umesimamishwa mafungumafungu, kisha unapigwa chini, kwa hiyo hata ule unaoonekana safi una mchanga mwembamba ambao utausikia kwenye meno. Pepeta kwenye ungo kuondoa maganda na vijiti. Kisha mimina mbegu kwenye beseni lenye maji mengi, koroga kwa mkono, subiri kidogo, halafu ziteke mbegu kutoka juu kwa chujio la matundu madogo. Mchanga unabaki chini. Usimwage maji pamoja na mbegu kupitia chujio, utakuwa umeurudisha mchanga wote. Rudia mara tatu, au mpaka sakafu ya beseni iwe safi. Anika kwenye kitambaa cheupe juani hadi zikauke kabisa. Mchana mmoja wa jua kali unatosha.

Chukua kikaango kizito au sufuria ya chuma, usitie mafuta. Moto uwe mdogo kuelekea wa kati. Kama ni jiko la mkaa, punguza makaa na ufunge mlango wa jiko. Tia kikombe kimoja tu cha mbegu kwa mara moja. Ukijaza, za chini zinaungua za juu zikiwa bado mbichi. Geuza kwa mwiko bila kupumzika.

Mara ya kwanza nilitazama rangi peke yake, nikachelewa, zikawa chungu, tukazimwaga. Mama mkubwa akanisogeza pembeni, akashika mwiko.

"Mwanangu, ufuta unausikiliza kwanza. Macho yanafuata baadaye."

"Nisikilize nini, mama mkubwa?"

"Zinavyodunda. Zikianza mojamoja, bado. Zikidunda nyingi kwa pamoja, tayarisha sinia. Zikianza kunyamaza umeshachelewa."

Ndivyo ilivyo. Kwa kikombe kimoja huwa inachukua dakika 8 hadi 10. Mbegu zinavimba kidogo, zinaanza kuruka, na harufu ya karanga inapanda. Chukua mbegu mbili tatu, zisage kati ya kidole gumba na cha shahada: zikivunjika kirahisi na kunuka vizuri, zimeiva. Kwa kunyunyizia juu ya chakula, ishia kwenye rangi ya dhahabu. Kwa kukamulia mafuta, sogea mbele kidogo, ifike kahawia ya ngozi nyembamba ya karanga iliyokaangwa. Zimimine hapo hapo kwenye sinia pana na uzitandaze. Ukiziacha kwenye kikaango hata kama umezima moto, chuma kinaendelea kuzipika.

Kutoa mafuta

Kuna njia mbili zinazowezekana nyumbani bila mashine.

Ya kwanza ni ya maji ya moto, na si ya kwetu peke yetu. China wana mafuta ya ufuta yanayosifiwa sana ambayo hutolewa hivi hivi, kwa kusaga mbegu zilizokaangwa kwenye jiwe na kuzitia maji ya moto. Saga nusu kilo ya ufuta uliokaangwa ukiwa bado na uvuguvugu. Kinu na mchi vinafaa, blenda ya kusagia viungo vikavu ni haraka zaidi, ila ipumzishe isije ikaungua. Saga hadi uwe uji mzito unaotiririka kama siagi ya karanga ya maji maji. Hapa watu wengi wanakata tamaa mapema: unga mkavu hautoi mafuta, lazima ufike kwenye kutiririka. Hamishia kwenye bakuli kubwa. Chemsha maji, kisha yatie kidogo kidogo, vijiko vitatu vinne vya chakula kwa wakati, huku ukikoroga kwa nguvu upande mmoja. Uji utakuwa mzito, kisha utaanza kujikusanya kama donge, na mafuta ya kahawia yataonekana pembeni. Hapo acha kuongeza maji. Endelea kulikanda donge kwa mgongo wa mwiko, litulize kwa saa moja, halafu inamisha bakuli uteke mafuta yaliyojitenga.

Mafuta hayo yana maji kidogo ndani. Yaweke kwenye sufuria ndogo, moto mdogo kabisa, hadi yaache kulia. Yakitulia bila kutoa povu wala sauti, maji yameisha. Epua kabla ya moshi. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa cha pamba.

Usitegemee mengi. Mbegu za ufuta karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, lakini mkono hauwezi kuyatoa yote; nusu kilo inanipa kati ya robo kikombe na nusu kikombe. Kwa matumizi ya kijiko kimoja kimoja, hayo si haba.

Njia ya pili ni ya mkato. Pasha kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti pamoja na nusu kikombe cha ufuta uliokaangwa kwa moto mdogo, dakika 5, bila kuyaacha yachemke. Zima, yapoe, saga yote kwenye blenda, acha yalale usiku kucha kwenye chombo chenye kifuniko, asubuhi uchuje. Haya si mafuta halisi ya ufuta, ni alizeti iliyobeba harufu, lakini kwenye mboga za majani yanafanya kazi nzuri. Yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya mwezi. Usitie kitunguu saumu kibichi ndani ya chupa na kuiacha kabatini, hata kama umeona mtu akifanya hivyo: kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta bila hewa kinaweza kuotesha vijidudu vyenye sumu kali ambavyo havibadilishi harufu wala rangi. Kitunguu saumu kinatiwa siku ile ile ya kula.

Chupa iwe ya kioo cheusi au uifunge karatasi, na ikae mbali na jiko. Joto la Dar es Salaam linayachosha mafuta haraka. Yakianza kunuka kama rangi ya mafuta au karanga za mwaka juzi, yamwage.

Yanatiwa lini

Kwetu kupika mboga ni kuunga: mafuta yanatangulia, kitunguu kinafuata, kisha nyanya. Mafuta ya ufuta uliokaangwa yanageuza mpangilio huo. Yanaingia mwisho, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu harufu yake ni nyepesi na inaruka na joto. Ukiyaweka kwenye kikaango cha moto mkali yanaanza kutoa moshi mapema, kwenye nyuzi joto kama 175 hivi, harufu inageuka kuwa ya kuungua na ladha inakuwa chungu. Kukaangia chipsi au maandazi, hapana. Wapo wanaopikia kwa makusudi, kwa mfano Taiwani kuna kuku anayepikwa kwa mafuta ya ufuta, sosi ya soya na pombe ya mchele, lakini hiyo ni kazi nyingine na inatumia mafuta mengi.

Panapohitajika kukaanga kidogo, tumia alizeti kijiko kimoja mwanzoni, na ufuta mwishoni.

Pima kwa kijiko cha chai. Usimimine kutoka kwenye chupa kwa macho. Kwa sufuria ya watu wanne, vijiko viwili vya chai vinatosha karibu kila kitu.

Mchicha wa kukamua

Hiki ndicho chakula kilichomrudisha baba mezani. Wakorea huita mboga za namna hii namul, na hutumia spinachi. Mchicha wetu unaizidi, kwa maoni yangu, kwa sababu una mwili zaidi.

Kwa watu wanne: mafungu matatu ya mchicha, punje moja kubwa ya kitunguu saumu, robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chai vya mafuta ya ufuta, kijiko kimoja cha chakula cha ufuta uliokaangwa.

Chambua mchicha, ondoa mashina magumu, osha kwa maji mengi. Usiukatekate bado. Chemsha maji kama lita 2 mpaka yatokote kweli kweli. Tumbukiza mchicha wote, ugeuze mara moja, hesabu hadi 60. Mchicha uliokomaa upe dakika moja zaidi. Toa, utie kwenye maji baridi ili usiendelee kuiva na ubaki wa kijani.

Sasa ukamue. Chukua konzi moja moja, ubane kwa viganja viwili mpaka maji yaache kudondoka, lakini usiupondeponde. Hatua hii watu wanairuka, halafu wanalalamika kwamba mboga haina ladha. Maji yakibaki ndani, chumvi na mafuta vinaogelea humo na haviushiki mchicha. Ukishakamua, kata vipande vya urefu wa vidole viwili, uvifumue kwa mkono kwenye bakuli.

Twanga kitunguu saumu na chumvi pamoja mpaka viwe laini. Changanya na mchicha kwa mkono, taratibu, ili kila jani lipate. Ndipo utie mafuta ya ufuta, uchanganye tena, kisha ponda ufuta kidogo kati ya viganja na uunyunyize juu.

Onja kabla ya kuongeza chumvi. Harufu ya ufuta inaufanya ulimi usidai chumvi nyingi, nimeliona hilo kwa kila mtu aliyekula kwetu. Tena mafuta hayo kidogo yana kazi mwilini: virutubisho vinavyogeuka kuwa vitamini A kwenye majani ya kijani vinahitaji mafuta ili vifyonzwe. Kwa hiyo mboga isiyo na mafuta hata tone si lazima iwe bora kuliko yenye kijiko.

Chainizi, spinachi na figiri zinafuata njia hii hii. Matembele yanahitaji dakika tatu au nne. Kisamvu usikijaribu hivi hata kidogo. Kile lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu kuondoa sumu yake, na mwenzake ni nazi au karanga.

Inaliwa na ugali vizuri sana, ila andaa na kitu chenye mchuzi pembeni, kwa kuwa yenyewe ni kavu.

Tango la kuponda

Kwa siku za joto, na halihitaji moto. Chukua matango mawili, yalaze juu ya ubao, yagonge kwa ubapa wa kisu kikubwa au mchi hadi yapasuke. Mpasuko unashika kiungo kuliko kipande kilichokatwa laini. Yakate vipande, nyunyiza chumvi kidogo, subiri dakika 10, mwaga maji yaliyotoka. Tia kitunguu saumu kilichotwangwa, siki kijiko kimoja cha chakula au ndimu nusu, mafuta ya ufuta kijiko kimoja cha chai, na pilipili kama mnakula. Wachina huliandaa hivi. Kando ya samaki wa kuchoma linachukua nafasi ya kachumbari bila ugomvi.

Samaki wa mvuke

Chagua sato, changu au tasi wa kama nusu kilo, mbichi kabisa, kwa sababu mvuke haufichi samaki aliyelala. Mkate michanjo miwili mitatu kila upande, mpake chumvi kidogo sana na tangawizi iliyoparuzwa.

Kama huna chombo cha mvuke, geuza bakuli la bati chini ya sufuria kubwa, tia maji yasifike juu ya bakuli, weka sahani yenye samaki juu yake, funika. Maji yakianza kuchemka, hesabu dakika 12 hadi 15. Chokoa kwa uma karibu na mfupa: nyama ikiwa nyeupe na inaachia mfupa, ameiva.

Mwaga maji yaliyokusanyika kwenye sahani, ndiyo yenye shombo. Panga juu yake vijiti vyembamba vya tangawizi na vitunguu majani. Pasha kijiko kimoja cha chakula cha alizeti hadi kiwe cha moto sana, mimina juu ya tangawizi. Italia na kutoa harufu. Malizia na kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta na kijiko cha chai cha sosi ya soya.

Kuhusu hiyo sosi, kuwa mwangalifu. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Ukiitumia, chumvi nyingine isiingie. Kwa baba tunaichanganya nusu kwa nusu na maji ya ndimu.

Wali wa jana

Kiporo cha wali kikikaangwa kwa mafuta mengi kinakuwa mzigo. Fanya hivi: kwa vikombe vitatu vya wali baridi, pasha kijiko kimoja cha chakula cha alizeti, pasulia mayai mawili, uyavuruge, uyatoe. Kwenye kikaango hicho hicho tia karoti iliyokatwa vidogo, hoho na kabichi, ongeza maji vijiko viwili ili mboga ziive kwa mvuke badala ya mafuta. Zikilainika, tia wali, ufumue madonge, upate moto mpaka ndani. Rudisha mayai, tia sosi ya soya vijiko viwili vya chai. Zima, ndipo utie mafuta ya ufuta kijiko kimoja na nusu cha chai na vitunguu majani vingi.

Kiporo chenyewe kiwe kimelala kwenye friji. Wali uliokaa usiku kucha kwenye sufuria mezani unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo hata ukiupasha moto haifi. Jioni utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uufungie kwenye chombo uingie baridi.

Choroko, dengu, mayai na vya asubuhi

Choroko na dengu zinapenda mafuta haya. Zichemshe na kitunguu, nyanya na bizari kidogo bila kuunga, na ukishaepua tia vijiko viwili vya chai kwa sufuria ya watu watano. Maharage yanakubali pia, mradi hayana nazi.

Kwa mzee asiye na meno au mtoto anayepona homa: piga mayai mawili, ongeza maji ya uvuguvugu mara mbili ya ujazo wake na chumvi punje kidogo, chuja, funika bakuli kwa sahani, pika kwa mvuke wa moto mdogo dakika 10 hivi mpaka yagande kama maziwa ya mtindi. Nusu kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta juu, basi. Mihogo ya kuchemsha na viazi vitamu vya asubuhi navyo vinapakwa matone machache na ufuta wa kusaga wenye chumvi kidogo. Baba siku hizi hataki siagi kabisa.

Supu ya kuku, matone matano kwenye bakuli.

Nisikokushauri ni kwenye tui la nazi, pilau na biriani. Iliki, mdalasini na nazi vina harufu zake, na ufuta unakuja kugombana navyo. Nimejaribu mchuzi wa nazi mara mbili na mara zote mbili nilijuta.

Kabla ya kumwandalia mgeni

Ufuta ni miongoni mwa vyakula vinavyowaletea baadhi ya watu mzio mkali. Marekani kuanzia 1 Januari 2023 sheria inalazimisha utajwe wazi kwenye lebo pamoja na karanga, maziwa na mayai. Mafuta ya kushindikwa yanabaki na chembe za protini za mbegu, kwa hiyo mwenye mzio wa ufuta asiyaguse hata tone. Mwambie mgeni kilichomo kabla hajala. Mtoto anayeonja kwa mara ya kwanza mpe kidogo sana, mchana, ukiwa naye. Midomo ikivimba, vipele vikitoka au pumzi ikibana, nenda hospitali papo hapo.

Mashudu

Kama umekamua kwa maji ya moto, utabaki na donge la mashudu yenye unyevu. Usiyatupe, yana protini na bado yana mafuta. Mama mkubwa anatia konzi moja kwenye mboga ya maboga dakika tano kabla ya kuepua, kama unavyotia karanga. Yanakaa kwenye friji siku mbili, siyo zaidi, kwa kuwa yana maji. Yakibaki mengi, yatandaze kwenye sinia juani yakauke, uyasage tena, na ukoroge kijiko kimoja cha chakula kwenye uji wa mtama wa asubuhi.